Ujumbe wa Siku Arobaini na Tano

Chemchem, Tabora
7 Oktoba 2025

Dada yangu mpenzi Gaudensia,

Basi ndiyo hivyo dada, hapana, mume wangu hanuni, hapigi kelele, na mchicha wangu bado anaula kama alivyoula siku ya kwanza. Swali lako la tatu, la mchicha, sikulijibu kwa sababu nilimtaja baba na simu ikakatika. Na mimi nimeshaanza kukushuku, maana mtandao wa Bukene ni mzuri sana tukizungumza habari za mume wangu, habari za vitenge na habari za meno ya mtoto, lakini nikitamka tu neno "baba" unaanza kusikia upepo, halo, halo, halafu kimya. Ndiyo nikaona nikuandikie. Barua haina upepo.

Shikamoo dada yangu. Naamini maneno haya yatakukuta mzima wewe, shemeji Kashindye, na mama mkwe wako pamoja na ng'ombe wake wote anaowaita kwa majina. Huyo Julieth mdogo mbusu kila shavu mara mbili, umwambie mama mdogo anampenda hata kabla hajamwona. Sisi huku hatujambo. Jua ni la Oktoba, unalijua, na watu wa Kipalapala wameshatifua mashamba wanatazama juu wakingoja wingu. Goti la shangazi Benedikta limepata nafuu na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo tunamshukuru Mungu.

Leo ni wiki tano na siku tatu tangu niitwe mke wa mtu. Ndiyo, nahesabu, usinicheke. Dada, sikujua kwamba furaha inaweza kumfanya mtu awe mjinga kiasi hiki. Octavian huamka kabla yangu, huwasha jiko, na mimi nikitoka chumbani nakuta chai ya tangawizi imefunikwa na sahani ili isipoe. Jana aliosha vyombo huku anaimba kwa sauti mbaya mpaka jirani akagonga ukuta. Akinitambulisha kwa watu hasemi "huyu ni Advera," anasema "huyu ni mke wangu," halafu ananitazama kama vile yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaambiwa. Shamila, yule mama wa mjini ambaye ni mkuu wetu ofisini, anasema chai ya tangawizi ni ya miezi mitatu tu, mwezi wa nne nitakuta maji baridi na mwezi wa tano nitakuta sufuria tupu. Nimemwambia huo mwezi wa nne ukifika nitamletea chai aionje.

Unajua kwamba tulikutana kazini, lakini sikuwahi kukueleza vizuri tulikutana kwa namna gani, na leo ni lazima nieleze, kwa sababu yale ninayotaka kukuambia yamo humo humo. Vumilia kidogo habari za kompyuta. Na mimi nilimaliza kidato cha nne bila kuzielewa.

Ofisi yetu ya chama cha wafuga nyuki iko kwenye ile barabara ambayo wazee husema ndiyo iliyoingiza misafara mjini. Kazi yangu tangu nianze ni kupokea salamu za watu. Warina asali wakienda kwenye kambi za porini kule Ugalla hukaa wiki nyingi, na simu hazishiki. Kila kambi ina simu moja tu ya chama, na kila baada ya siku kadhaa kiongozi huwachukua watu wake wakapanda kilimani mahali ambapo mtandao unafika. Sasa mke au mtoto akiwa na neno kwa mtu wake aliyeko porini anatupigia sisi au anakuja, mimi naliandika kwenye programu, na programu inalipeleka kwenye seva likae pale likimsubiri. Yule mrina akifika kilimani anaingiza namba yake, anapata neno lake.

Octavian ndiye aliyeitengeneza programu hiyo. Seva aliyoiweka si ile ya kutunza vitu miaka na miaka. Yeye anasema ni kama meza ya mapokezi: kitu kinawekwa hapo kwa muda, mwenyewe akija haraka anakipata haraka, na muda wake ukiisha kinaondolewa ili kipishe kingine. Haiandiki popote, inashika kichwani tu. Alichagua hivyo kwa sababu mashine yetu ni ya zamani na nzito, na pia kwa sababu wanachama wenyewe walisema hawataki maneno ya nyumbani kwao yabaki ofisini yakisomwa na watu. Programu ikitaka kuweka kitu inaiambia seva mambo machache: jina la kitu, kikae sekunde ngapi, na kitu chenyewe. Seva ikipokea inajibu neno moja tu, IMEHIFADHIWA. Kwa kawaida salamu zinakaa siku kumi na nne, na namba ya hizo sekunde ilikuwa imeshajazwa, mimi nilikuwa siigusi.

Lakini dada, huyu mwanaume akaanza kuitumia meza hiyo kwa mambo yake. Siku moja amekaa upande wa pili wa chumba, akasema bila kugeuka, "Advera, tafuta jina lako kwenye seva, una sekunde mia tatu." Nikatafuta. Nikakuta ameandika, "Gauni la bluu linakupendeza kuliko inavyoruhusiwa kazini." Nikaisoma mara sita. Mara ya saba haikuwepo. Kuanzia hapo ikawa kila siku, wakati wowote, dakika tano, dakika mbili, na mara moja sekunde ishirini, nikamwagia chai kiti nikiikimbilia. Nilikuwa nayanakili kwenye daftari kabla hayajafutika. Shamila alipogundua alicheka mpaka akashika mbavu. Aliniambia, "Mwanangu, mwanaume anakutongoza kwa maandishi yanayojifuta! Akikukana utampeleka wapi, na ushahidi huna?" Daftari ninalo bado. Ndilo ushahidi.

Basi yeye ndiye aliyenifundisha kuzungumza na seva moja kwa moja, na kubadilisha ile namba ya sekunde nikitaka kitu kikae zaidi au pungufu. Nilijiona msomi. Siku moja ina sekunde 86,400, unazidisha kwa siku unazotaka, basi. Hesabu ya darasa la tano.

Sasa nije kwenye harusi, ambayo najua umeshasimuliwa na watu tofauti kwa namna tofauti. Kitenge chako nilikifunga siku ya pili yake, kila mtu aliniuliza kimetoka wapi, nikasema kwa dada yangu, wakanyamaza. Ile asubuhi ya ndoa, kabla hatujatoka kwenda kanisani, baba alinijia amevaa koti lake la kahawia, akauliza kwa sauti ya chini kama watu wote wamefika. Nikamjibu wamefika baba, gari limejaa. Akauliza tena, "Wote?" Nikasema wote. Nilikuwa na hasira naye, dada. Nilisema moyoni, unamuuliza nani, wewe uliyemnyamazia. Nikashuka ngazi nikamwacha pale amesimama. Nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Jumamosi iliyopita mchana Octavian alikuwa uani anatengeneza kiti, mimi nikapata wazo. Nikasema mume wangu amenitumia maneno ya dakika tano mwaka mzima, mimi nitamwandikia neno la kukaa mwaka mzima, tulifungue pamoja siku tutakapotimiza mwaka wa ndoa. Nikachukua kompyuta yake, nikaandika maneno ambayo sitakuambia, nikazidisha 86,400 kwa 365, nikaipa seva. Ikajibu IMEHIFADHIWA. Nikafurahi kama mtoto. Nikatoka uani nikamwambia nimemwekea kitu, asikifungue mpaka mwakani. Yeye unamjua, hawezi kungoja hata maji yachemke. Akaniomba achungulie tu, asisome, ahakikishe kipo. Akatafuta. Akasema hakuna kitu.

Nikasema haiwezekani, imejibu imehifadhiwa, nimeona kwa macho yangu. Akaniuliza nimeipa sekunde ngapi. Nilipomtajia akaanza kucheka, akacheka akakaa chini kwenye maranda yake ya mbao. Akanieleza, na nakueleza wewe kama alivyonieleza. Ukiipa seva ile muda usiozidi siku thelathini, inahesabu kuanzia sasa hivi kwenda mbele. Lakini ukipitisha siku thelathini, hata kwa sekunde moja, inadhani unaitajia tarehe. Na kompyuta huhesabu tarehe kuanzia siku ya kwanza ya mwaka 1970. Kwa hiyo mimi sikuiambia iweke neno langu mwaka mmoja. Niliiambia iliondoe tarehe mosi Januari mwaka 1971. Seva ikapokea, ikajibu kwa adabu imehifadhiwa, ikatazama tarehe, ikaona siku hiyo imeshapita zamani, ikaliondoa pale pale. Akasema, "Mke wangu, umeniandikia barua ya mapenzi iliyokwisha muda kabla sijazaliwa!" Akacheka tena.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka namba nyingine.

Dada, mwaka jana Juni ulinipigia simu ukiwa hospitali, Jumatano, mtoto ana siku moja. Nakukumbusha si kwa kuwa umesahau. Ulikuwa umekaa miaka miwili bila kusemezana na baba, tangu ulipofunga ndoa bomani na shemeji Kashindye wala si kanisani, na baba akasema kama ndiyo hivyo basi uende moja kwa moja. Ulilia kwenye simu, ukasema unataka kuyamaliza, na unataka yeye ampe mtoto jina kama babu alivyotupa sisi. Ukanisomea maneno, nikayaandika. Ukaniapisha nisimwambie shangazi wala mtu yeyote, kwa sababu ulitaka jibu la baba liwe la moyo wake, lisiwe la kusukumwa na shangazi. Baba alikuwa porini Ugalla, kambi ya mbali kuliko zote, ile ya mzee Jilala, na walikuwa wamesema wanaweza kukaa wiki sita.

Nikafikiri, siku kumi na nne hazitoshi. Itakuwaje kama watachelewa kupanda kilimani? Itakuwaje kama neno la dada yangu litaondolewa leo na kesho yake baba afike? Nikaifuta ile namba ya kawaida, nikaandika 3,888,000. Siku arobaini na tano. Nilizidisha mara mbili kwenye karatasi nisikosee. Ikajibu IMEHIFADHIWA, nami nikakupigia nikakuambia limefika salama, tulia dada yangu, linamngoja.

Halikumngoja hata sekunde moja. Nimehesabu na Octavian: nililiweka likae mpaka tarehe kumi na tano Februari mwaka 1970. Siku hiyo baba mwenyewe alikuwa anatambaa.

Salamu za watu wengine wote, mamia kwa mamia, niliziacha kwenye siku kumi na nne kama nilivyofundishwa, na zote ziliwafikia wenyewe. Mpaka za mwanamke aliyemwandikia mumewe kwamba paka amezaa. Ni lako peke yake nililolipendelea, na ndilo nililolipoteza. Wewe ulikaa Bukene na mtoto asiye na jina, kitovu kikakatika, arobaini ikapita, miezi mitatu ikapita. Kila wiki ulikuwa unaniuliza kama nina hakika, na mimi nikakuapia. Mwisho mama mkwe wako akakuonea huruma akampa mtoto jina lake, nawe ukaniambia, "Mwambie baba yako nimeelewa." Ukasema baba yako. Hukusema baba yetu tena.

Utauliza kwa nini sikumuuliza baba aliporudi. Nilimuuliza, dada. Alikuwa anafua nguo za porini, nikamwendea pembeni nikasema, baba, ulipata ule ujumbe kambini? Akanijibu niliupata, hayo yamekwisha, akaendelea kufua. Nikaona ni mlango amenifungia usoni. Sikumuuliza tena, na tangu siku hiyo nilimhukumu. Nikipika kwake nilimwekea chakula nikaondoka. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa mtoto mbaya kwa baba yangu nikidhani nakutetea wewe.

Octavian aliponiona nimekaa chini naye akaacha kucheka. Nilimweleza yote. Akasema kosa ni lake nusu, kwamba fundi mwenye akili angeifanya programu ikatae namba kubwa, isingemwachia karani afikirie kwamba mambo ni salama. Akataka yeye ndiye aje kukuomba msamaha, akasema atapiga magoti barabarani Bukene kama itabidi. Nikamwambia asante mume wangu, lakini mkono ulioandika namba ni wangu, na mkono wenyewe nitaupeleka. Alinishika huo mkono mpaka jioni. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeolewa kweli.

Jumapili baada ya misa tukaenda Kipalapala. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anabana mzinga wa gome kwa vijiti. Tukamwamkia, akaitikia, akamletea mkwe wake kigoda, mimi nikakaa chini. Nikamwambia kila kitu bila kupumzika, nikiogopa kwamba nikipumzika nitashindwa. Hakuinua macho. Vijiti viliingia kwenye gome kimoja baada ya kingine. Nilipomaliza akamuuliza Octavian, inawezekanaje mashine iseme imeweka na kumbe haijaweka. Octavian akamjibu kwamba iliweka kweli, baba, ila iliambiwa siku ya kuondoa ni siku iliyopita, basi ikaondoa. Baba akawaza. Akasema, "Kwa hiyo ilitii." Octavian akasema ilitii, baba. Baba akasema afadhali ingekuwa kaidi kidogo.

Kisha nikamuuliza, sasa baba, kwa nini uliniambia uliupata? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Kumbe shangazi naye alikuwa amempelekea salamu wiki zile zile, siku ambayo mimi sikuwepo ofisini, kwamba yule mbuzi jike mwenye mabaka ameumwa na nyoka akafa. Akasema, "Mimi nilidhani unaniuliza mbuzi." Dada, mwaka mmoja na miezi minne! Mimi namnunia mzee kwa ajili yako, naye anashangaa mbona huyu mtoto alimpenda yule mbuzi kiasi hiki. Nilicheka na kulia kwa pamoja, Octavian hakujua anishike kwa lipi.

Halafu baba akaweka mzinga chini. Akauliza kama nayakumbuka maneno yako. Nikasema nayakumbuka yote. Akasema, "Basi yaseme kama alivyoyasema yeye. Usiongeze."

Nikasimama, kama tulivyokuwa tunasimama kusema shairi shuleni. Nikayasema. "Shikamoo baba. Nimejifungua jana, mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi. Naomba unisamehe namna nilivyoondoka. Sikuombi unisamehe mtu niliyemfuata, maana ni mtu mwema, utamwona. Mtoto hana jina. Anamngoja babu yake. Ni mimi, Gaudensia."

Nikadhani hakusikia. Kisha baba, huku anatazama chini kwenye mikono yake, akasema, "Marahaba."

Akaitikia, dada. Ulimwamkia Juni ya mwaka jana, ameitikia Jumapili hii. Octavian akainuka akaenda kutazama mahindi ambayo hayajapandwa bado.

Baadaye ndipo baba aliposema mengine, na nitayaandika kama alivyoyasema maana aliniagiza nisipunguze. Alisema habari za mtoto alizipata kwa mfanyabiashara wa mpunga aliyetoka Bukene, gulioni, mbele ya watu, akaona aibu kwamba mgeni anamjua mjukuu wake naye hamjui. Akasema akangoja umwite. Akasema angeweza kupanda basi bila kuitwa, njia anaijua na nauli hakukosa, ila kiburi kilimkalia. Akasema, "Msiibebeshe mashine yote. Yenyewe ilipoteza neno mara moja. Mimi nimenyamaza siku zote hizi na hakuna kilichokuwa kimeniharibika." Akaniuliza kama mtoto bado ana nywele nyingi. Nikamwambia unamsuka.

Nikamwambia pia, kwa kuogopa, kwamba mtoto ameshapewa jina Julieth na mama mkwe wako. Akasema ni jina zuri, anamshukuru sana mama huyo kwa kutomwacha mtoto bila jina, na binadamu halemewi na majina mawili. Lake analo, amekuwa nalo tangu siku ile ya gulioni. Nikamuuliza ni lipi. Akakataa. Alisema jina la mtoto halitumwi kwa simu, kwa barua wala kwa seva, linatamkwa mtoto akiwa mikononi. Nadhani nalijua, na wewe nadhani unalijua, tukimkumbuka marehemu mama. Lakini tumwachie alitamke yeye.

Jana nilikwenda ofisini nikamweleza Shamila kosa langu, maana ni mkuu wangu. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Ninyi Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe kwa miguu mpaka Bagamoyo na kila mzigo ukafika. Wewe umekaa kwenye kiti na kompyuta, neno moja limekushinda kulifikisha Ugalla!" Nikamjibu babu zangu walikuwa wanapata chakula njiani, yeye hata maandazi hanunui. Lakini aliponiona machozi yananilenga alinikumbatia, akanipa ruhusa ya siku nne bila kuombwa. Octavian naye ameshaibadilisha programu. Sasa ukiandika zaidi ya siku thelathini inakataa na kukuambia kwa nini, na kila salamu inaandikwa pia mahali pa kudumu mpaka mwenyewe athibitishe ameisoma, ndipo inafutwa. Baada ya kuifunga aliijaribu kwa namba yangu, 3,888,000, ikakataa. Akanibusu paji la uso mbele ya Shamila, na Shamila akasema mwezi wa nne si mbali.

Dada yangu, sasa umejua. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Piga simu unitukane, sitasema kuna upepo, nitasikiliza mpaka salio lako liishe kisha nitakupigia mimi uendelee. Nilikuapia jambo ambalo sikulijua, na kwa sababu ya kiapo hicho ulimlilia baba aliye hai kama uliyefiwa. Sina namba ya kuzidisha itakayorudisha miezi hiyo. Lakini yeye usimkasirikie tena, nakuomba. Alikuwa hajui kwamba umemwamkia.

Barua hii anakuja nayo Amon muuza mbegu, anashuka Bukene Alhamisi, nimemwambia asimpe mtu mwingine. Anakuja pia na chupa ya asali nyeusi ya kwako na ndogo ya mama mkwe wako. Hiyo ametoa baba kwenye ile anayoificha chini ya kitanda, kwa hiyo jua ni jambo zito. Msalimie sana shemeji Kashindye. Baba amemtaja kwa jina, akasema nimwandikie kwamba anamsalimu mkwe wake na anaomba ruhusa ya kufika nyumbani kwake. Mjibuni haraka, maana ameshapiga pasi lile koti la kahawia na analivaa kujaribu kila jioni, shangazi anasema litachakaa kabla ya safari. Octavian anakusalimu, anasema anataka kumwona mtu aliyemfundisha mke wake kusonga ugali vizuri hivi.

Tutakuja kwa treni ikiwepo, isipokuwepo tutapanda basi la Nzega, lakini tutakuja wote watatu, baba, mume wangu na mimi, na baba atatangulia mlangoni. Kabla mwezi huu haujaisha, dada, utatuona.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Advera